Rekodi za Mafuta, Zikihesabiwa kwa Maji

Kisima chenye kiu kubwa. Marekani, ambako miamba hupasuliwa kwa maji, mchanga na kemikali ili mafuta na gesi vitoke, kisima kimoja huweza kumeza lita milioni 60. Hapa Migosi, Kisumu, mfereji ukikauka, tunahesabu kwa mitungi ya lita 20. Lita hizo za kisima ni mitungi milioni 3. Kupasua miamba ndiyo njia iliyoipa Marekani nafasi ya kwanza duniani kwa mafuta ghafi tangu 2018, ikaleta ajira na gesi ya bei nafuu. Oklahoma nayo ilipata rekodi yake mwaka 2016: tetemeko kubwa kuliko yote ya jimbo hilo, kipimo cha 5.8, lililohusishwa na maji machafu ya visima yaliyosukumwa chini ya ardhi.

Shehena ya kwanza ya Kenya. Agosti 2019, takriban mapipa 240,000 ya mafuta ya Turkana yaliondoka Mombasa. Kuyatoa kwa wingi kunataka maji ya kusukuma, na mpango uliokuwapo ni kuyavuta kutoka bwawa la Turkwel, kwenye nchi ya wafugaji wanaozika mifugo kila ukame.

Bomba refu kuliko yote ya kupashwa joto. Kilomita 1,443, Hoima hadi Tanga, kwa kuwa mafuta ya Uganda huganda yakipoa. Karibu theluthi moja yake imo katika beseni la Ziwa Victoria.

Hapo ndipo ninapotulia, maana ziwa nalo lina rekodi: kubwa kuliko yote Afrika, kilomita za mraba 68,800, lakini wastani wa kina ni mita 40 tu. Maji yake mengi huondoka kwa kupaa angani, na mto unaotoka ni mmoja, Nile, kule Jinja. Uchafu ukiingia hauna haraka ya kutoka. Nasi tuna gati la mafuta la Kisumu, lililokamilika 2018 kwa ajili ya soko la Uganda. Kazi yake ni halali, na mji unahitaji mapato. Ila wakazi wa Thange, Makueni, walioona mafuta ya bomba yakiingia mtoni mwao 2015, walisubiri miaka kumi kupata hukumu ya fidia.

Mpango wa kuzuia mafuta yakimwagika ziwani ubandikwe kwenye fuo za Dunga na Usoma, kwa Kiswahili na Dholuo, wavuvi waujaribu wenyewe.