Alama Ubavuni mwa Manowari

Katika visiwa vya Hawaii, jimbo la Marekani lililo katikati ya bahari kuu ya Pasifiki, mna bandari iitwayo Pearl Harbor. Hapo imetia nanga manowari kubwa, jina lake Missouri. Haiendi tena vitani. Tangu tarehe 29 Januari 1999 imekuwa nyumba ya makumbusho, na watu wa mataifa mengi hupanda ngazi zake, Wajapani wakiwamo. Ndugu wasomaji, tuizuru nasi kwa mawazo, tuone ina neno gani la kutufundisha.

Kwanza tutazame ukubwa wake. Urefu wake ni mita 270, kupita viwanja viwili vya mpira vikiunganishwa. Ilishushwa majini mwaka 1944 huko Brooklyn, mjini New York. Ina mizinga mikubwa tisa, mitatu mitatu katika minara ya chuma. Kombora lake zito lilikuwa na kilo 1,225, nalo liliweza kuruka zaidi ya kilometa 35. Mwanafunzi akiyaona hayo atadhani kwamba ndiyo sifa ya meli hii. Lakini tumwongoze upande wa kulia, tumwonyeshe mahali chuma kilipobonyea kidogo. Wengi wangeweza kupita pasipo kupaona.

Tarehe 11 Aprili 1945, karibu na kisiwa cha Okinawa, rubani Mjapani aliielekeza ndege yake makusudi iigonge meli hii, afe pamoja na adui zake. Ndege ikavunjika, moto ukawaka, ukazimwa upesi. Hakufa hata baharia mmoja wa Missouri. Ndipo walipoukuta mwili wa rubani juu ya sitaha. Baadhi yao wakataka utupwe baharini kama takataka.

Nahodha wa meli alikuwa William Callaghan. Yeye alikuwa na sababu ya kuwachukia Wajapani kuliko wengi, maana kaka yake Daniel, mkubwa katika jeshi la bahari, aliuawa nao katika mapigano ya Guadalcanal, mwezi wa Novemba 1942. Hata hivyo aliamuru kijana yule azikwe kwa heshima ya askari. Kesho yake mabaharia walikusanyika, maneno ya maziko yakasomwa, bunduki zikapigwa kwa heshima, na mwili ukateremshwa baharini. Si wote waliopendezwa na amri ile, lakini wote waliitii.

Vita vikaendelea. Mwezi wa Agosti mabomu mawili ya atomiki yakaangamiza miji ya Hiroshima na Nagasaki. Sisi wa Kongo habari hiyo haiko mbali nasi, kwa kuwa sehemu kubwa ya urani waliyoitumia Wamarekani katika kazi hiyo ya siri ilichimbwa Shinkolobwe, kule Katanga.

Tarehe 2 Septemba 1945 Missouri ilikuwa katika ghuba ya Tokyo. Waziri Shigemitsu, mwenye mguu wa bandia, alipanda akijitegemeza kwa fimbo, akatia sahihi mkataba wa kushindwa mbele ya Jenerali MacArthur. Hivyo vita vikuu vikaisha juu ya sitaha ya meli ileile iliyomzika rubani. Bamba la duara linaonyesha mahali penyewe. Na mbele ya manowari, chini ya maji, imelala meli Arizona, iliyozamishwa na Wajapani tarehe 7 Desemba 1941. Watu wake 1,177 walikufa. Mwanzo wa vita hivyo kwa Marekani na mwisho wake vinatazamana.

Je, nahodha alifanya jambo gani? Hakuacha kupigana, wala hakusema kwamba ubaya ni wema. Alikataa tu kumwondolea adui utu wake. Katika nchi yetu nasi tumewazika wengi waliouawa kwa vita, na wengine hawakupata hata kaburi. Twajua jinsi moyo wa aliyefiwa unavyotaka kulipiza. Basi tuwaambie watoto wetu habari za mizinga tisa, maana watauliza. Lakini tusiache kuwaonyesha ile alama ndogo ubavuni.