Likizo ya Juni: Mpeleke mjukuu akaone mazao yako yanakoishia

LIKIZO ya Juni inapofika, vijiji vingi vya Kilimanjaro hupokea wajukuu. Wanatoka Dar es Salaam, Arusha na Dodoma kuja kwa babu na bibi. Wanakaa wiki mbili tatu, wanakula ndizi na kuangalia televisheni, kisha wanarudi shule. Wengi wao hawajui kahawa ya nyuma ya nyumba inauzwa wapi, wala kwa nini mkungu unaonunuliwa shambani kwa bei ya kutupa huwa mali ukifika mjini.

Hili si jambo dogo kiuchumi. Vihamba vingi vya mlimani vimo mikononi mwa wazee, na watakaovirithi ni hao hao wanaokuja likizo. Kijana ambaye hajawahi kuona fedha ndani ya shamba atalirithi kama anavyorithi makaburi yaliyomo: atalifyeka na kuliheshimu, lakini hataweka senti yake humo.

Makala haya yanapendekeza jambo ambalo babu au bibi mwenye gari dogo, au mwenye mtoto anayeweza kumwazima, anaweza kulifanya. Ni safari ya siku sita ya kuvuka mpaka na mjukuu, kufuata njia ya mazao hadi sokoni Mombasa, na kurudi nyumbani kupitia Tanga. Ni safari ya mapumziko, lakini inahitaji mpango kama wa msimu wa kilimo, kwani makosa yanayofanywa nyumbani hulipiwa mpakani.

Njia yenyewe

Kutoka Moshi hadi Holili ni kilomita 35 hivi. Kituo cha pamoja cha Holili na Taveta kilizinduliwa Februari 2016, na utaratibu wake ni kwamba msafiri hukaguliwa na maofisa wa nchi zote mbili mahali pamoja, upande wa nchi anayoingia. Kutoka Taveta hadi Voi ni kilomita 115 hivi, na Voi hadi Mombasa ni kama 155. Kurudi, Mombasa hadi mpaka wa Lunga Lunga ni kilomita 100, Horohoro hadi Tanga 65, kisha Muheza, Segera na Same hadi Moshi, jumla ya 350 hivi. Mzunguko mzima ni takriban kilomita 820.

Siku nzuri ya kuondoka ni Jumatano, kwa sababu soko la Taveta huchangamka Jumatano na Jumamosi. Usiku wa kwanza lala Voi. Alhamisi ingia Mombasa mchana. Ijumaa asubuhi nenda soko la Kongowea, na jioni Ngome ya Yesu, iliyoanza kujengwa na Wareno mwaka 1593. Jumamosi ni ya mtoto, apelekwe baharini. Jumapili vuka kwenda Tanga, na Jumatatu rudi Moshi. Siku ya mwisho ndiyo ndefu kuliko zote, hivyo dereva mwenye umri mkubwa awe na msaidizi au alale Same. Kwa vyovyote, asiendeshe usiku, hasa kati ya Voi na Mombasa ambako malori ya bandarini ni mengi.

Kwa nini Juni

Kwa upande wa gharama, Juni ina faida moja ambayo wengi hawaioni. Shule za Tanzania zinapofungwa, za Kenya huwa zinaendelea na masomo, kwani likizo zao huangukia Aprili, Agosti na mwisho wa mwaka. Hivyo nyumba za wageni za pwani huwa na nafasi, na mgeni anayelipa usiku tatu kwa mkupuo anaweza kujadiliana bei.

Hata hivyo, Juni ina hasara yake kwa mkulima wa kahawa. Mavuno ya Kilimanjaro huanza kushika kasi Julai, na kahawa iliyoiva haimsubiri mtu aliye ufukweni. Safari ipangwe iishe kabla ya mwisho wa Juni. Aidha, mwezi huo fedha za msimu uliopita zimekwisha na za msimu mpya hazijaingia. Kwa sababu hiyo fedha za safari haziwezi kutafutwa Mei. Zinatakiwa kuanza kutengwa wakati wa malipo ya kahawa ya msimu uliotangulia.

Fedha

Tuchukue mfano kwamba familia imekadiria safari itagharimu sh1,200,000. Ikianza kuweka Julai ya mwaka uliotangulia, hiyo ni sh100,000 kwa mwezi. Kama kiasi hicho kwa mwezi kinaugusa mfuko wa mbolea, dawa za migomba au ada za shule, basi safari ifupishwe iishie Taveta na kurudi siku hiyo hiyo. Somo kuu litakuwa limepatikana. Kukopa ushirika wa akiba na mikopo kwa ajili ya safari hakushauriwi, kwa sababu mkopo huo hauna zao la kuulipa.

Mafuta ndiyo hesabu iliyo rahisi kuliko zote. Ongeza kilomita 80 za mizunguko ya mijini juu ya 820 upate 900. Gari dogo linalokwenda kilomita 12 kwa lita litatumia lita 75. Bei za juu za mafuta hutangazwa na EWURA kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na upande wa Kenya EPRA hutangaza tarehe 14. Linganisha bei hizo mbili kwa thamani ya shilingi ya siku hiyo, kisha amua kama unajaza tangi Himo au Taveta.

Fedha ya Kenya ibadilishwe benki au katika duka la fedha lenye leseni, na risiti itunzwe. Wabadilishaji wa mkononi wanaozunguka mipakani huonekana kuwa na bei nzuri, lakini mzee anayehesabu noti asizozizoea, huku mjukuu akilia njaa, ndiye mteja wanayemtafuta. Asilimia 20 ya bajeti iwe ya dharura na isiguswe hadi gari limerudi Moshi.

Karatasi za mtoto

Hapa ndipo safari nyingi za babu na mjukuu zinapoweza kuishia. Mwaka 2014 Kenya, Uganda na Rwanda zilikubaliana raia wao wavuke kwa vitambulisho vya taifa, lakini Tanzania haikuwamo. Mtanzania anahitaji pasipoti au hati ya dharura ya kusafiria, na mtoto anahitaji ya kwake. Pasipoti ya kielektroniki ilipozinduliwa Januari 2018 ada yake ilikuwa sh150,000, hivyo ni vema kuulizia Uhamiaji mapema ipi inafaa kwa safari moja ya wiki moja. Viza haihitajiki kwa raia wa Afrika Mashariki, na kibali cha kielektroniki ambacho Kenya iliwawekea wageni kuanzia Januari 2024 hakiwahusu.

Pamoja na hayo, ofisa wa mpakani ana haki ya kuuliza kwa nini mtoto anavuka bila wazazi wake. Nchi zote mbili zina sheria dhidi ya biashara haramu ya binadamu, ya Tanzania ikiwa ya mwaka 2008 na ya Kenya ya 2010. Swali hilo si dharau kwa mzee. Ni ulinzi wa mtoto, na jibu lake ni karatasi.

Beba barua ya ridhaa iliyosainiwa na wazazi wote wawili mbele ya wakili, ikitaja tarehe, njia na namba zao za simu. Ambatanisha nakala za vitambulisho vyao na cheti cha kuzaliwa cha mtoto. Kwa mjukuu wa binti, jambo hili lina uzito zaidi, kwani mara nyingi mtoto anatumia ukoo wa baba yake na hakuna jina linalomfunga na babu mzaa mama. Katika hali hiyo beba pia cheti cha kuzaliwa cha binti yako, ili ofisa aone mnyororo mzima: mjukuu, mama, babu.

Cheti cha chanjo ya homa ya manjano kinaweza kuulizwa wakati wa kurudi, kwa kuwa Kenya ni miongoni mwa nchi zenye ugonjwa huo. Chanjo huanza kutambulika siku 10 baada ya kuchomwa, na tangu Julai 2016 cheti chake ni cha maisha. Mzee anayetumia dawa za presha au sukari abebe za siku kumi pamoja na cheti cha daktari.

Karatasi za gari

Bima ya kawaida ya Tanzania inaishia mpakani. Nunua Kadi ya Njano, bima ya COMESA ya magari yanayovuka mipaka. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000 lakini ilibaki katika mpango huu. Beba kadi halisi ya gari, na kama gari ni la mwanao, barua yake ya idhini. Forodha watatoa kibali cha muda cha gari, ambacho lazima kifungwe unapotoka Lunga Lunga. Usiendelee na safari kabla hakijafungwa, la sivyo katika vitabu vya Kenya gari lako bado liko huko.

Mifuko ya plastiki iachwe nyumbani. Kenya iliipiga marufuku Agosti 2017 na Tanzania Juni 2019.

Daftari la mjukuu

Mnunulie mtoto daftari, na kazi yake iwe moja tu, kuandika bei. Aanze na mkungu wa ndizi kijijini, halafu Taveta, halafu Kongowea. Jioni, mkiwa Mombasa, mkae naye mtoe nauli, ushuru, mizigo inayooza na faida ya kila mchuuzi. Atagundua mwenyewe kwamba tofauti yote ya bei si wizi, lakini pia kwamba mkulima anayeuza peke yake, bila kujua bei ya mbele, hupata kilichobaki.

Kongowea atafute pia machungwa ya Tanga. Jumatatu, mkipita Muheza, ayaone yakiwa mtini na kuuliza bei ya shambani. Kwenye mashamba ya katani ya Mwatate na Tanga mweleze kwamba zao hilo liliingia mwaka 1893 kwa miche 62 iliyonusurika safarini kutoka Florida, na kwamba mwaka 1964 Tanzania ilizalisha tani kama 230,000. Soko la nyuzi za viwandani liliporomoka, na zao likaporomoka nalo. Ni somo zuri kwa mrithi wa kahawa.

Usirudi na miche

Bibi ataona machipukizi mazuri ya migomba njiani na kutaka moja la kumbukumbu. Akatae. Mimea na mbegu zinavuka kwa cheti cha afya ya mimea tu, na sababu yake ni ya kweli. Mwaka 2003 nzi wa matunda mwenye asili ya Asia aligundulika pwani ya Kenya, na mwaka huo huo Tanzania, na maembe yetu yanamlipia mpaka leo. Mnyauko wa migomba nao husafiri na machipukizi.

Anayetaka kusafiri Juni ijayo aanze na vyeti vya kuzaliwa. Visipokuwepo, RITA ichukuliwe kama hatua ya Januari, pasipoti Machi, chanjo Aprili, na bima wiki ya mwisho kabla ya safari. Mkirudi, mpe mjukuu mistari miwili ya migomba iwe yake, na mauzo yake yaandikwe katika daftari lile lile.