Uanagenzi Ujerumani: Pesa Iko Wapi?

Kijana wa Nairobi au Dar es Salaam anayekwenda kusoma chuo kikuu Ujerumani hutakiwa kwa kawaida aonyeshe kwanza kwamba ana euro 11,904 za kujikimu kwa mwaka, zikiwa zimewekwa katika akaunti maalumu anayoruhusiwa kutoa euro 992 tu kila mwezi. Mwenzake anayekwenda kujifunza ufundi umeme huanza kulipwa tangu mwezi wa kwanza. Tofauti hiyo ndiyo inayowavuta vijana wengi kwenye Ausbildung, yaani uanagenzi wa Kijerumani, na ndiyo inayowapa mawakala maneno matamu ya kuuza. Ni tofauti ya kweli, ila inahitaji kupigiwa hesabu.

Katika mfumo huu kijana husaini mkataba na mwajiri, si na shule. Siku tatu au nne za wiki huwa kazini, na moja au mbili huwa katika chuo cha ufundi; kwingine masomo hupangwa kwa vipindi vya wiki kadhaa mfululizo. Mafunzo huchukua kati ya miaka miwili na mitatu na nusu, kutegemea fani. Upishi ni miaka mitatu, umeme ni mitatu na nusu.

Malipo yana kima cha chini kisheria. Kwa mikataba iliyoanza mwaka 2025, ni euro 682 kwa mwezi mwaka wa kwanza, 805 wa pili, 921 wa tatu na 955 wa nne. Waajiri wengi hulipa zaidi. Wanaosomea uuguzi katika hospitali za umma, kwa mfano, walikuwa wakipata zaidi ya euro 1,300 mwaka wa kwanza tangu 2024.

Tuitazame hati ya mshahara wa euro 682. Pensheni inachukua asilimia 9.3, sawa na euro 63 na senti. Bima ya afya inachukua karibu euro 58, bima ya uangalizi wa wazee na wagonjwa kama euro 12, na bima ya kukosa ajira kama euro 9. Kodi ya mapato haimgusi kwa sababu kipato chake ni kidogo. Mkononi zinabaki takriban euro 540. Ukizigeuza shilingi zinaonekana nyingi, lakini kijana hanunui unga kwa bei ya Kariakoo. Katika jiji kama Munich, kodi ya chumba peke yake inaweza kuzimaliza. Ndiyo maana ubalozi hupima kama malipo yanatosha kuishi, na yasipotosha humtaka mwombaji aonyeshe pesa za kujazia. Sheria inamruhusu mwanagenzi kutoka nje ya Ulaya kufanya kibarua cha pembeni hadi saa 20 kwa wiki, ila anayetoka kuchimba mifereji ya nyaya ukutani kutwa nzima hana saa 20 za ziada.

Faida yenyewe huja baada ya cheti. Mwaka 2025 kima cha chini katika kazi za umeme kilikuwa euro 14.41 kwa saa. Kwa wiki ya saa 40, hiyo ni karibu euro 2,500 kwa mwezi kabla ya makato, na hapo ndipo pa kuanzia. Aliyehitimu ndani ya Ujerumani anaweza kuomba ukaazi wa kudumu baada ya miaka miwili ya kazi ya fani yake, akitimiza masharti mengine. Akiendelea hadi daraja la Meister, yaani fundi bingwa, anaweza kufungua karakana yake na kufundisha wanagenzi wake mwenyewe. Daraja hilo limewekwa ngazi moja na shahada ya kwanza.

Kati ya mkataba na cheti, kizingiti kikubwa ni lugha. Viza kwa kawaida hudai Kijerumani cha kiwango cha kati, B1, na kwa uuguzi mara nyingi kile cha juu yake, B2. Goethe-Institut, taasisi ya lugha na utamaduni wa Ujerumani, hufundisha na kutahini Nairobi na Dar es Salaam. Hata hivyo B1 ni tiketi ya kuingilia tu. Mwanagenzi hutakiwa kuweka daftari la mafunzo: kazi alizofanya, zimeandikwa kwa Kijerumani na kusainiwa na msimamizi wake. Bila daftari hilo haruhusiwi kuketi kwenye mtihani wa mwisho. Tena katika muda wa majaribio, usiozidi miezi minne, mwajiri anaweza kuvunja mkataba bila notisi. Asiyeelewa maagizo ya kazini huondoka mapema. Anayefika kwenye mtihani akaanguka, anaruhusiwa kuurudia mara mbili.

Sasa turudi kwa mawakala. Septemba 2024 Kenya na Ujerumani zilisaini mkataba wa ajira na uhamaji mjini Berlin, na habari zikaenea kwamba nafasi 250,000 zimetengwa. Serikali ya Ujerumani ilikanusha: mkataba hautaji idadi yoyote. Hakuna basi mgawo ambao mtu anaweza kukuuzia sehemu yake. Katika uanagenzi wa kazini, sheria ya Ujerumani inabatilisha makubaliano yoyote yanayomtaka mwanagenzi alipe ili afundishwe. Gharama halali zipo: ada ya kozi ya lugha, mtihani, tafsiri za vyeti, viza. Zipo pia fani zinazosomwa shuleni moja kwa moja, nyingine bila mwanafunzi kulipwa chochote na hata kwa karo, na wakala asiye mwaminifu huziita zote kwa jina moja.

Mzazi anayeombwa auze kiwanja aulize mambo matatu kabla ya kutoa hata senti. Mwajiri ni nani, na yuko mji gani? Mkataba umesajiliwa katika chemba ya biashara au ya ufundi inayosimamia fani hiyo? Malipo ya mwaka wa kwanza ni kiasi gani, na chumba katika mji huo ni bei gani? Mkataba wa kweli unajibu la kwanza na nusu ya la tatu kwa maandishi, chemba yenyewe inajibu la pili, na bei ya chumba hutafutwa mtandaoni kwa dakika chache. Wakala anayekwepa maswali haya hana nafasi ya kuuza, na kiwanja kibaki mahali pake.