Mradi Ukiisha, Mwalimu wa Kikundi Atalipwa na Nani?

Msikilizaji, wiki hii nataka tuzungumzie elimu ya fedha inayotolewa na mashirika yasiyo ya kiserikali katika vijiji vya milima ya Uluguru. Sina maana ya semina ya siku moja, ambapo mtaalamu huwaambia watu waweke akiba, akala chakula cha mchana na kuondoka. Nina maana ya mwalimu anayekaa na kikundi kwa miezi, akiwafundisha wanachama kuandika daftari, kupanga matumizi ya nyumbani, kupima kama mkopo utalipika, na kuukataa ule usiolipika. Swali langu ni moja: shirika lenye vikundi 20 likitaka kufika vikundi 100, lifanyeje ili vikundi hivyo visife siku fedha za mfadhili zinapokwisha?

Wengi wenu mnavijua vikundi hivi, wengine mkiviita VICOBA, wengine hisa, wengine sanduku tu. Watu 15 hadi 30 hukutana kila wiki. Kila mmoja hununua hisa kwa uwezo wake na kuchangia kidogo mfuko wa jamii kwa ajili ya ugonjwa na msiba. Fedha ya hisa hukopeshwa wanachama kwa riba waliyokubaliana. Baada ya mwaka hivi, mikopo yote hurudishwa na kila mtu hupewa akiba yake pamoja na faida. Sanduku lina kufuli tatu, na funguo hukaa kwa watu watatu tofauti. Mtindo huu ulianzishwa na shirika la CARE huko Maradi, nchini Niger, mwaka 1991, miongoni mwa wanawake wasiojua kusoma. Baadaye ukaenea hadi Tanzania Bara na Zanzibar.

Sasa fikirini kikundi kilichoanzishwa Januari, na mwalimu wake akaondoka Aprili kwa kuwa mradi umefunga ofisi. Mikopo iko mikononi mwa watu, mvua za masika zinanyesha, na daftari limeandikwa nusu. Mweka hazina anajikopesha kidogo, mwenyekiti naye kidogo. Mama asiyejua hesabu anaona aibu kuuliza. Ikifika Desemba, fedha aliyoitegemea kwa sare za watoto haipo. Hapo ndipo anapokwenda kwa wakopeshaji wa mikopo ambayo watu wenyewe wameipa jina la kausha damu. Njia ya kuwafikia imekuwa fupi siku hizi, maana wengine wamo ndani ya simu: Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Kwa hiyo shirika linalopanua mafunzo kwa pupa linaweza kumwacha mama huyu pabaya kuliko lilivyomkuta.

Katika kazi yangu ya utangazaji nimealikwa kwenye uzinduzi wa miradi mingi: ngoma, fulana, kibao kipya kando ya barabara. Kwenye siku ya kufunga hesabu nimealikwa mara chache. Mfadhili hutaka idadi ya vikundi vilivyoanzishwa, na shirika humpa idadi hiyo. Hakuna anayeuliza vingapi bado vinakutana miaka miwili baadaye.

Milima yetu imewahi kuona mpango uliohesabu kazi bila kuwahesabu watu. Kuanzia mwaka 1950 serikali ya kikoloni iliendesha mpango wa matumizi ya ardhi ya Uluguru, ikiwalazimisha wakulima kuchimba matuta ya ngazi. Hoja ya kuzuia mmomonyoko ilikuwa na msingi. Lakini mkulima hakuulizwa, na kazi ilikuwa kubwa kuliko faida aliyoiona. Mwaka 1955 ghasia zilizuka Matombo, mtu mmoja akauawa, na mpango ukavunjika. Elimu ya fedha haimlazimishi mtu, wala silinganishi maovu. Ninalosema ni kwamba kazi isiyoshikwa na wenyeji huisha siku msimamizi anapoondoka.

Upo mfano wa pili, na huo ni wa kutia moyo. Mwaka 1993 wakulima wachache, wakisaidiwa na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, waliunda hapa Morogoro mtandao wa vikundi vya wakulima, yaani MVIWATA. Kauli yao ni kwamba mtetezi wa mkulima ni mkulima mwenyewe. Walianza kwa wakulima kutembeleana na kufundishana, na mtandao huo umefika mikoa mingi. Mkulima aliyemfundisha jirani yake hahami mradi unapoisha.

Tuje kwenye hesabu. Tuchukue mfano, si takwimu ya shirika lolote. Mwalimu mmoja wa kuajiriwa, mwenye pikipiki, anahudumia vikundi 20. Ili kufika vikundi 100 shirika litahitaji walimu watano, pikipiki tano, mafuta, matengenezo na mishahara, mwaka hadi mwaka. Gharama imepanda mara tano na hakuna iliyojilipia. Mfadhili akipunguza fungu lake kwa nusu, nusu ya vikundi imebaki yatima.

Njia nyingine ni kumtafuta mwanachama hodari katika kijiji chenyewe, aliyemaliza mzunguko mzima na ambaye watu wanamwamini, akafundishwa kuwa mwalimu wa vikundi vya jirani. Wanachama ndio wanaomlipa. Tuseme kila mmoja anatoa shilingi 200 mwalimu anapofika. Kikundi cha watu 25 kitampa shilingi 5,000. Akiwa na vikundi vinane, akakitembelea kila kimoja mara mbili kwa mwezi, atapata shilingi 80,000. Huo si mshahara wa kuachia jembe, lakini ni fedha ya kueleweka kwa mtu anayelima na kwenda vikundini kwa miguu. Kwa mwanachama ni shilingi 4,800 kwa mwaka mzima. Akiona mafunzo hayamfai ataacha kulipa, na shirika litapata taarifa ya kweli kuliko ile ya kwenye fomu.

Jambo hili limekwisha kujaribiwa. Shirika la Catholic Relief Services lililijaribu Kenya, Uganda na Tanzania tangu miaka ya mwisho ya 2000: mwalimu alipewa posho kwa muda maalumu, akafanya mtihani, akapata cheti, kisha akalipwa na vikundi. Na huko Jozani, Unguja, utafiti uliochapishwa mwaka 2007 ulikuta kwamba vikundi vilivyoanzishwa kwa msaada wa CARE viliongezeka baada ya mradi kuondoka, kwa kuwa wanakijiji waliendelea kufundishana.

Wako watakaosema kwamba maskini kabisa hawezi kulipa hata hizo 200. Hoja hiyo ni ya kweli, na hapa ndipo fedha za mfadhili zina kazi yake. Zitumike kuwafundisha walimu, kuwapima, kuchapisha madaftari, na kulipia mwaka wa kwanza wa vikundi vya vitongoji vya mbali. Lakini ijulikane tangu siku ya kwanza malipo hayo yanakoma lini. Kikundi kilichozoea mafunzo ya bure kwa miaka mitatu hakitaanza kulipa mwaka wa nne.

Ukubwa wa mpango nao ufuate mlima ulivyo. Mgeta, kule Nyandira na Langali, watu wanalima kabichi, viazi na njegere, na fedha huingia mara nyingi kwa mwaka. Upande wa Matombo na Kinole wanategemea ndizi, nanasi, karafuu, mdalasini na pilipili manga, na fedha ya viungo huja kwa msimu. Kumtaka mtu wa Kinole anunue hisa kila wiki kwa kiwango cha mtu wa Nyandira ni kumfukuza kikundini. Kila upande upange wenyewe kima cha hisa, muda wa mkopo na mwezi wa mgao. Mgao ukiangukia wakati mfuko wa nyumbani ni mtupu, mkulima hatauza mazao yangali shambani kwa bei ya dalali. Wakati wa masika, njia za milimani zinapoteleza, mwalimu wa kutoka mjini hafiki; wa kijijini hufika.

Ukoo nao uangaliwe. Waluguru huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na lukolo ni nguzo kubwa ya kuaminiana. Lakini funguo zote tatu zikiwa kwa watu wa lukolo moja, kufuli tatu zimekuwa moja. Mwalimu mgeni hawezi kuliona hilo. Mwenyeji huliona asubuhi ya kwanza.

Kuna suala la sheria pia. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inaviweka vikundi hivi katika daraja la nne, na usajili wake hupitia halmashauri. Shirika liliweke jambo hili katika mafunzo ya mwanzo. Vilevile liwaeleze watu wazi kuhusu mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, iliyotengwa kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024. Ni fursa nzuri, lakini kikundi kilichoundwa kwa ajili ya kuisubiri tu kilikaa mwaka mzima hakina la kufanya. Akiba yenu wenyewe ndiyo itangulie.

Basi, ushauri wangu kwa viongozi wa mashirika ni huu. Msianze na vikundi 100. Anzeni na walimu wanne au watano katika tarafa moja, wakamilishe mzunguko mmoja hadi mgao. Kisha rudini baada ya miezi sita bila kutoa taarifa, mkaulize mambo matatu: je, kikundi kinakutana? Je, daftari linalingana na fedha iliyo ndani ya sanduku? Je, mwalimu amelipwa mwezi huu, na nani? Majibu yakiwa mazuri, ongezeni kijiji cha pili. Yakiwa mabaya, rekebisheni kwanza.

Nanyi wanachama, mwalimu wa mradi mpya akija kijijini kwenu, mpokeeni vizuri, mkaribisheni kiti, kisha muulizeni mradi wake unaisha mwezi gani, na ni nani kati yenu atakuwa amejua kufunga hesabu kabla ya mwezi huo kufika. Mtajeni huyo mtu siku hiyohiyo. Tukutane wiki ijayo.