Porsche Taycan: sekunde 2,8, batri ya kilo 630 na kobalti ndani yake

Shofere anakanyaga freni kwa mguu wa kushoto, anashusha pedali ya mwendo mpaka chini kwa mguu wa kulia, halafu anaachia freni. Hakuna moshi. Hakuna mngurumo wa moteri inayotafuta nguvu. Baada ya sekunde 2,8 Porsche Taycan Turbo S ya mwaka 2019 inakwenda kilometa 100 kwa saa, na abiria walio nyuma bado wamebanwa kwenye viti vyao. Si gari dogo la mashindano lisilo na kitu ndani. Ni gari la milango minne, lenye koferi nyuma na koferi ndogo mbele, na uzito wake ni karibu kilo 2 300.

Wajerumani wa Porsche walilionyesha kwa mara ya kwanza tarehe 4 Septemba 2019, siku moja katika mabara matatu: kwenye maporomoko ya maji ya Niagara, karibu na Berlin, na kwenye kisiwa cha Pingtan huko China. Maji, jua na upepo, yaani vyanzo vitatu vya umeme usiotumia mafuta. Ndilo gari la kwanza la umeme mtupu ambalo kampuni hiyo imeuza chini ya jina lake, na linaundwa Zuffenhausen, mjini Stuttgart, palipo kiwanda cha 911. Lakini umeme haukuwa mgeni kabisa katika familia hiyo. Mwaka 1900, kijana Ferdinand Porsche alikuwa tayari ameunda gari lenye moteri za umeme ndani ya magurudumu yenyewe, na gari hilo likaonyeshwa Paris.

Jina "Turbo S" linachekesha kidogo. Turbo ni kifaa kinachosukuma hewa ndani ya moteri ya esanse au ya mazutu, na Taycan haina moteri ya namna hiyo. Porsche imeliacha jina hilo kwa sababu wateja wake wamezoea kulisoma kwenye magari ya bei ya juu.

Moteri za Taycan Turbo S ni mbili, moja mbele na moja nyuma. Kwenye Turbo S ya mwaka 2019 zinatoa pamoja nguvu za farasi 761 wakati wa kuondoka kwa kasi, na mwendo wa juu ni kilometa 260 kwa saa. Magari mengi ya umeme yana gia moja tu. Porsche iliweka gia mbili kwenye moteri ya nyuma: ya kwanza ya kurusha gari kutoka mahali liliposimama, ya pili ya mwendo mrefu. Shofere hagusi kitu, gari linabadilisha lenyewe.

Lakini kuondoka kwa kasi mara moja si kazi ngumu sana kwa gari la umeme. Kazi ngumu ni kurudia. Batri ikitoa nguvu nyingi inapata joto, na ikipata joto kompyuta ya gari inapunguza nguvu ili isiharibike. Ndiyo maana magari kadhaa ya umeme yanashangaza watu mara mbili au tatu, halafu yanachoka kama mtu aliyepanda mlima mbio. Kabla ya kuionyesha Taycan, Porsche iliipeleka kwenye uwanja wa ndege wa Lahr, Ujerumani, na kuirusha kutoka sifuri hadi kilometa 200 kwa saa mara 26 mfululizo. Tofauti kati ya mara ya haraka zaidi na ile ya polepole zaidi ilikuwa sehemu 8 za kumi za sekunde. Huko Nardò, Italia, gari jingine la majaribio lilizunguka kwa saa 24, likisimama tu kuchaji na kubadilisha mashofere, likamaliza kilometa 3 425.

Siri kubwa iko kwenye volti. Magari mengi ya umeme ya wakati ule yalitumia karibu volti 400, Taycan inatumia hadi 800. Kila mtu aliyewahi kuunga pasi kwenye waya mwembamba uliovutwa kutoka kwa jirani anajua kinachotokea: waya unapata moto, na mara nyingine unayeyuka. Kinachochemsha waya ni wingi wa umeme unaopita ndani yake. Ukiongeza volti mara mbili, nguvu ileile inapita kwa nusu ya umeme huo. Joto linapungua, na waya zinaweza kuwa nyembamba na nyepesi zaidi. Porsche ilijifunza hilo kwenye 919 Hybrid, gari lililoshinda saa 24 za Le Mans mwaka 2015, 2016 na 2017.

Volti hizo ndizo pia zinazofupisha kuchaji. Kwenye mashine kubwa ya barabarani, Taycan ya kwanza ilipokea hadi kilowati 270 na kutoka asilimia 5 hadi 80 kwa dakika 22 na nusu. Baada ya kurekebishwa mwaka 2024, inapokea hadi kilowati 320 na kutoka asilimia 10 hadi 80 kwa dakika 18. Ili kuelewa ukubwa wa kilowati 270, mtu wa Rutshuru au Goma afikirie Matebe, kituo cha umeme wa maji cha Virunga chenye karibu megawati 13. Taycan 50 zikichajiwa pamoja kwa nguvu hiyo, Matebe nzima isingezitosha. Nyumbani kwa Mzungu gari linachajiwa polepole usiku, kwa kilowati 11, na linachukua karibu saa tisa. Kwa kartie ambako umeme unakuja saa tatu na kuondoka, hesabu inajijibu.

Freni zake zinastahili kusemwa pia. Shofere akikanyaga freni, moteri zinageuka kuwa dinamo na kurudisha umeme ndani ya batri, kwenye Taycan ya kwanza hadi kilowati 265. Porsche inasema kwamba katika matumizi ya kila siku, karibu asilimia 90 ya kusimamisha gari inafanywa na moteri peke yake. Diski za seramiki za Turbo S, zenye milimeta 420 mbele, zinangoja siku ya hatari.

Ndani, kitu cha kwanza kinachoshangaza ni jinsi mtu anavyokaa chini. Batri ya kilo 630, yenye seli 396, imelala chini ya sakafu, na kwa kawaida hilo huinua viti na paa. Wahandisi waliacha mashimo kwenye batri mahali miguu ya abiria wa nyuma inapoingia, ili mtu mrefu asikae magoti yakigusa kidevu. Mbele ya volani kuna skrini iliyopinda, ya inchi 16,8, bila kifuniko juu yake. Vitufe vya kubonyeza vimebaki vichache mno, na shofere anayetaka kugeuza upepo wa kipoza hewa lazima apitie kwenye skrini. Kwa gari la bei hii, hiyo ni kero isiyo na sababu. Asiyependa ngozi ya ng'ombe anaweza kuagiza viti visivyo na ngozi kabisa. Na kwa anayekosa mngurumo, kuna sauti ya kutengenezwa inayotoka kwenye spika, ambayo namshukuru Mungu kuna kitufe cha kuizima, atasema mtu yeyote mwenye masikio.

Amortisere zake ni za hewa. Kwenye mwendo mkubwa gari linashuka lenyewe kukaribia lami ili upepo usiingie chini yake. Kwenye matuta linapanda, na tangu magari ya mwaka 2021 linaweza kukumbuka tuta liko wapi na kujiinua tena siku nyingine bila kuambiwa. Hapo ndipo mtu wa Bukavu atacheka: kumbukumbu hiyo ingejaa kabla ya kufika Uvira.

Kipimo ambacho mashabiki wa magari wanakiheshimu kuliko vyote ni Nürburgring, njia ya Ujerumani ya zaidi ya kilometa 20 yenye kona nyingi na milima. Agosti 2019, Taycan Turbo iliimaliza kwa dakika 7 na sekunde 42, ikiendeshwa na Lars Kern, shofere wa majaribio wa Porsche. Baadaye mtu huyohuyo alirudi na Turbo GT, ambayo kwa muda mfupi inafikisha nguvu za farasi zaidi ya 1 000, akatumia dakika 7 na sekunde 7,55. Kati ya magari ya umeme ya kuuzwa dukani, muda huo ulikuwa wa kujivunia. Halafu akaja mtu ambaye Wajerumani hawakumtarajia. Mwaka 2025, Xiaomi, kampuni ileile ya China inayouza simu mpaka kwenye maduka ya Goma na Lubumbashi, ilimaliza njia hiyo kwa SU7 Ultra katika dakika 7 na sekunde 4,957. Gari hilo lina milango minne, na ukilitazama kwa upande si rahisi kusahau Taycan. Huko China mwaka 2025 bei yake ilikuwa yuani 529 900. Turbo S ilipotoka Ujerumani mwaka 2019 iliuzwa euro 185 456.

Pesa hizo hazikununua gari lisilo na kasoro. Mwaka 2021 Porsche iliita Taycan karibu 43 000 zirudi garaji kwa sababu programu iliweza kuzima nguvu gari likiwa njiani. Mwaka 2024 ikawa zamu ya mipira inayopitisha mafuta ya freni mbele, iliyoweza kupasuka. Na umbali ulikuwa udhaifu tangu mwanzo: kwa vipimo vya Ulaya, Turbo S ya kwanza iliahidi kati ya kilometa 388 na 412, na kwa vipimo vya Marekani ikapewa karibu 309 tu. Marekebisho ya 2024 yalileta batri kubwa zaidi na umbali mrefu zaidi, lakini wanunuzi walikuwa wameanza kuondoka. Mwaka 2021 Porsche ilikabidhi Taycan 41 296, kupita hata 911. Mwaka 2024 zilikuwa 20 836. Septemba 2025 kampuni ilitangaza kwamba itachelewesha baadhi ya magari yake mapya ya umeme na kuongeza yale ya moteri za mafuta.

Habari hiyo ya Stuttgart inasikika mpaka Kolwezi. Seli za Taycan zinatoka kwa LG ya Korea Kusini, na ni za aina inayotumia nikeli, manganizi na kobalti. Kobalti haileti mwendo kwa yenyewe. Kazi yake ni kushika muundo wa ndani wa seli usiharibike wakati umeme unaingia na kutoka kwa nguvu, na kwa gari linalorushwa mara 26 mfululizo hilo si jambo dogo. Zaidi ya asilimia 70 ya kobalti inayochimbwa duniani inatoka DRC, hasa Lualaba na Haut-Katanga. Ndiyo madini ambayo tangu 2014 watu wa kartie ya Kasulo walichimba mashimo mpaka chini ya nyumba zao ili kuyafikia. Malori yanayapitisha Kasumbalesa kama unga wa hidroksidi, meli zinayapeleka China, na huko ya migodi mbalimbali yanachanganywa na kusafishwa kabla ya kufika kwa watengenezaji wa batri.

Tatizo ni kwamba magari ya kawaida yanajifunza kuishi bila kobalti. Batri za fosfati ya chuma hazina kobalti wala nikeli, ni za bei ndogo, na zimeenea kwanza China, kisha kwingineko. Hata SU7 ya bei ya chini inazo. Ubaya wake ni uzito: kwa umeme uleule zinapima zaidi, na gari la mbio halipendi kilo za bure. Kwa hiyo kobalti imebaki na nguvu zaidi upande wa magari ghali ya mwendo mrefu na kasi kubwa, soko ambalo kwa Porsche limepungua nusu.

Februari 2025 bei ilikuwa imeanguka chini ya dola 10 kwa ratili, na Kinshasa ikafunga usafirishaji wa kobalti kwa miezi minne, kisha ikaongeza mitatu. Tangu tarehe 16 Oktoba 2025 kuna viwango: tani 18 125 kwa miezi iliyobaki ya mwaka huo, na tani 96 600 kwa mwaka 2026, kiasi kilicho chini ya nusu ya kile nchi ilichochimba mwaka 2024. Bei ilipanda. Wachimbaji wa mikono, ambao hawana ghala la kungojea bei nzuri, walipitisha miezi hiyo wakitafuta shaba au kazi nyingine. Huko Zuffenhausen Turbo GT inaendelea kuundwa, na chini ya sakafu yake bado kuna nikeli, manganizi na kobalti.