Mzazi Asiyelala Hata Mtoto Akilala

Sonona baada ya kujifungua ni ugonjwa unaompata mwanamke aliyejifungua, mara nyingi katika wiki za mwanzo, ingawa waweza kuanza wakati wowote kabla mtoto hajatimiza mwaka. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa katika nchi zinazoendelea karibu mzazi mmoja kati ya watano hupatwa na tatizo la afya ya akili, na kubwa zaidi ni sonona. Hata hivyo jina lake halisikiki. Tukuyu, wilayani Rungwe, kama kwingine Tanzania, watu husema mzazi "ana mawazo", amechoka au anadeka, na mambo huishia hapo.

Sonona si ile huzuni ya siku chache. Kati ya siku ya tatu na ya tano homoni zilizopanda wakati wa mimba huwa zimeshuka ghafla, na wazazi wengi hulia bila sababu au hukasirika upesi. Hilo huisha lenyewe ndani ya wiki 2. Sonona hubaki. Mzazi hupoteza hamu ya chakula, ya maongezi, hata ya kumwangalia mwanawe, na hujiona mama asiyefaa. Dalili ya kutazamwa sana ni usingizi: kila mwenye kichanga hukosa usingizi kwa ajili ya mtoto, lakini mwenye sonona hukodoa macho hata mtoto akilala fofofo. Wanyakyusa wa Rungwe husalimiana "ugonile", salamu iliyotokana na neno la kulala. Kwa mzazi, iulizwe kwa maana yake halisi, na jibu lisikilizwe.

Chanzo si kimoja. Aliyewahi kuugua sonona, aliyefiwa na mtoto, anayepigwa na mume au asiye na hakika ya chakula cha kesho yumo hatarini zaidi. Kazi nayo inachangia. Sheria ya ajira ya mwaka 2004 humpa mwajiriwa likizo ya uzazi ya siku 84, na baba siku 3. Lakini mama wa Rungwe mwenye migomba na chai yake mwenyewe hana wa kumpa likizo ila jamaa zake.

Wapo wanaodhani huu ni ugonjwa wa Wazungu. Miaka ya 1970 daktari Mwingereza, John Cox, alifanya utafiti Uganda, ambako Waganda tayari walikuwa na neno amakiro kwa wazimu wa mzazi, wakiuhusisha na uzinzi. Alipolinganisha wanawake wa huko na wa Uskoti, sonona iliwapata kwa viwango vilivyokaribiana. Mwaka 1987 yeye na wenzake walitoa kipimo cha sonona cha Edinburgh: maswali 10 kuhusu siku 7 zilizopita, la mwisho likiuliza kama mama amewaza kujidhuru. Hata Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kifungu cha 199, inatambua kuwa uzazi waweza kuvuruga akili ya mama wa mtoto asiyetimiza miezi 12. Sheria imekubali jambo ambalo majirani wengi bado wanaliita kiburi.

Matibabu yapo. Mtoto hupelekwa kliniki kwa chanjo akiwa na wiki 6, 10 na 14. Hupimwa uzito, na kadi yake hujazwa. Safari hizo, iwe zahanati ya kijijini au hospitali ya wilaya pale Makandana, ni nafasi ya mama kumweleza muuguzi hali yake mwenyewe. Wengine hupona kwa ushauri nasaha; wengine huhitaji dawa, na zipo, kama sertraline, ambazo anayenyonyesha anaweza kutumia kwa maelekezo ya daktari. Nyumbani, neno "jikaze" halisaidii. Linalosaidia ni mume kumbeba mtoto usiku ili mama apate saa kadhaa za kulala mfululizo, na mama mkwe kupika bila kumsimanga. Maombi yaendelee, ila yasichukue nafasi ya kliniki.

Kuna hali moja isiyongoja kliniki: wazimu wa uzazi, unaompata mzazi mmoja au wawili kati ya 1,000, aghalabu ndani ya wiki 2 za kwanza. Akisikia sauti wasizozisikia wengine, akikesha siku kadhaa bila kuchoka, au akitaja kujiua au kumdhuru mtoto, asiachwe peke yake hata kidogo. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.