Pumu ya Watoto na Uamuzi wa Pamoja

Pumu ni ugonjwa wa mirija ya hewa ya mapafuni. Mirija hiyo huvimba kwa ndani na misuli yake hukaza, hata pumzi ya mtoto ikatoa sauti kama filimbi. Dawa zake kuu huvutwa kwa pampu, nazo ni za namna mbili. Salbutamoli hulegeza misuli katika dakika chache, bali haiondoi uvimbe. Beklometasoni hupunguza uvimbe, lakini polepole. Sharti itumiwe kila siku, hata mtoto aonekapo mzima.

Hapo ndipo tatizo lilipo. Mama anayekausha samaki kwa moshi wa kuni huko Ukerewe, akimwona mwanawe anacheza, aweza kuiacha dawa hiyo kwa kuchelea kwamba mtoto ataizoea. Tabibu asipomwuliza, ataongeza kipimo cha dawa isiyotumiwa. Na pumu isiyotulizwa yaweza kuua.

Kwa sababu hiyo, yafaa tiba iamuliwe kwa pamoja. Tabibu wa zahanati hueleza kwamba beklometasoni haileti uraibu. Mzazi hueleza habari za moshi, bei ya dawa na nauli ya kufika Mwanza. Mtoto huonyesha jinsi avutavyo. Watoto wadogo huhitaji chombo cha kupokea dawa kutoka kwenye pampu. Nacho si lazima kinunuliwe. Mwaka 1999 watafiti wa Cape Town, Afrika ya Kusini, walionyesha kwamba chupa ya plastiki ya nusu lita, ikiunganishwa na pampu pasipo mwanya, hufaa sawa na chombo cha kiwandani.

Mpango uliokubaliwa na mzazi ndio utakaofuatwa nyumbani, ambako tabibu hayupo.